Kaunta Isiyouza Bia

Ukibomoa ukuta uliotenganisha jiko na sebule, usidhani gharama zimeishia kwa fundi. Pale ulipokuwa ukuta patajengwa kaunta, kaunta itadai viti, na viti vyenyewe siku hizi sharti viwe virefu, vyembamba na vyenye kuzunguka. Kwa nini vizunguke, sijapata mtu wa kunieleza. Kwetu watu wamekula vizazi na vizazi wakitazama upande mmoja, upande wa chakula.

Mama watoto aliviona kwenye simu. Kwenye ile picha kulikuwa na binti mmoja mwembamba, kikombe kimoja cha kahawa na tufaha moja ambalo halijaumwa. Nikauliza ni nani hasa atakayekaa hapo nyumbani kwetu. "Sisi," akajibu. Nikaitazama picha upya, nikaivuta na vidole ionekane vizuri. Hakukuwa na mtu mle anayefanana na ukoo wetu.

Tukaingia dukani, na hapo ndipo hesabu ilipoanza. Kati ya kiti na uso wa kaunta panatakiwa pabaki sentimita 25 hadi 30 ili mapaja yapite na mikono ifike. Kaunta ya kawaida ya jiko ina sentimita 90 hivi, kwa hiyo kiti chake ni cha 60 hadi 65. Ile ndefu ya mtindo wa baa hufika 105 na kuendelea, nayo inataka kiti cha 75 au 80. Ya kwetu fundi aliipandisha hadi 105 kwa sababu ya maana kabisa: mgeni aliyeketi sebuleni asione masufuria yanayosubiri kuoshwa. Muuzaji, ambaye hakuwahi kuiona hiyo kaunta, alituapia kwamba stuli zake za sentimita 65 ni "saizi ya kaunta zote, bosi." Zilipofika nyumbani, mimi kaunta ilinigota kidevuni kama ninayesubiri kunyolewa. Mtoto wetu wa mwisho alipokaa, tuliona nywele tu.

Duka likakubali kubadilisha, kwa nyongeza bila shaka, tukaletewa viti vya gesi. Hivi vina mguu mmoja uliosimama juu ya sahani ya chuma inayong'aa, na chini ya kalio kuna kishikio: ukikivuta, kiti kinapanda au kinashuka kwa nguvu ya gesi iliyobanwa ndani ya bomba. Watoto walifurahi sana. Kwa jioni nzima kaunta yetu ilikuwa lifti.

Kisha mjomba akaja kututembelea kutoka Mwanza. Lebo iliyobandikwa chini ya kiti ilisema mwisho kilo 120. Mjomba hana habari na lebo. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa kwenye mizani ya pamba, na waliompima walikuwa wanatania. Akapanda, akatulia, akaanza kutusimulia mgogoro wa mpaka wa shamba. Alianza hadithi akiwa juu yetu sote. Alipofika kwenye hukumu ya baraza la kata, alikuwa chini yetu, anaongea kutokea nyuma ya jagi la maji, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kizuizi cha gesi kikishalegea, kiti hakianguki kwa kishindo. Kinakushusha kwa heshima.

Kikaletwa chakula: ugali na sato. Hapo nikaelewa kwamba aliyebuni kiti cha kuzunguka alikuwa akila vitu vinavyochomwa kwa uma. Ugali unamegwa, unafinyangwa, na sato anahitaji kubanwa kwa mkono huu ili mkono ule uvute mnofu. Kila mjomba alipovuta mnofu kulia, kiti kilimpeleka kushoto. Tonge lililokusudiwa mchuzi likaelekea sebuleni, likiwa na mjomba nyuma yake. "Hiki kiti kina haraka ya kwenda wapi?" akauliza, akamalizia chakula amesimama.

Mama mkwe yeye hakupanda kabisa. Alisimama mlangoni, akaitazama ile kaunta, akavitazama vile viti, akaniuliza kwa upole uliozidi kiasi: "Baba, biashara imeanza lini?" Kisha akaagiza kigoda chake, akakaa chini, na kutokea huko chini akaliendesha jiko lote lililokarabatiwa. Watoto walipoanza mashindano ya nani atazunguka zaidi bila kutapika, skuruu zikalegea. Kuzikaza hutumika kile kiufunguo chenye umbo la L kinachokuja ndani ya boksi, ambacho kila nyumba hukipoteza kabla jua halijazama.

Ndipo tukaenda Keko, kwa mafundi wa samani. Tuliyempata hakutuonyesha picha yoyote. Aliuliza maswali mawili: "Nani mzito kuliko wote pale nyumbani?" na "Mnakula nini?" Tulipomjibu, akasahau habari ya mguu mmoja. Akachomelea miguu minne ya bomba la pembe nne, imetanuka chini kupita upana wa kiti, maana kiti kirefu hupinduka pale uzito unapovuka mipaka ya miguu. Akazungushia pete ya kukanyagia. Kalio akatengeneza la mninga, na chini yake akaweka beringi iliyojaa grisi, ngumu kidogo, ili kiti kigeuke unapotaka wewe, siyo kinapotaka chenyewe. Kuvijaribu, akapanda juu ya kimoja na wanafunzi wake wawili wakining'inia pembeni. Kiti hakikusema kitu. Ni vizito, tunavihamisha watu wawili wawili, na havitapata picha nzuri. Mjomba amekula juu yake sangara mzima bila kugeuzwa.

Basi ndugu yangu unayekarabati jiko, usiende dukani na picha. Nenda na futi kamba, na uwe umepima kaunta baada ya vigae kuwekwa sakafuni, kwa kuwa vigae navyo hula sentimita zake. Acha nafasi ya sentimita 60 au zaidi kutoka katikati ya kiti hadi katikati ya kingine, la sivyo anayegeuka atamwagia jirani mchuzi. Kisukume kiti kwa ubavu uone kama kitanyanyua mguu. Kisha mwombe muuzaji akae yeye kwanza, na azunguke. Akianza kukutajia rangi nyingine zilizopo stoo, rudisha hela mfukoni.