Namna ya Kumiliki Hata Kelele: Mwongozo kwa Mwenye Hakimiliki Mpya

Hongera, mheshimiwa. Umekuwa mwenye hakimiliki. Hapa hatuulizi umeipataje: pengine umeirithi, pengine umeinunua pamoja na viti na makabati ya kampuni iliyofilisika, pengine umemsainisha mwanamuziki mkataba mnene usiku wa manane akiwa hajala tangu asubuhi. Vyovyote iwavyo sasa ni yako, na kazi iliyobaki ni kuivuna. Utakutana na watu watakaokukumbusha kwamba sheria hizi zilitungwa ili msanii ale jasho lake. Waitikie kwa heshima. Maneno hayo utayahitaji siku ukiitwa bungeni kutoa maoni.

Usitunge chochote

Kutunga ni kazi ya kukesha, na anayekesha siye anayekula. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939 huko Johannesburg, yeye na kundi lake la Evening Birds, kwenye studio za Gallo. Haki za wimbo ule alikuja kuziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, Wamarekani wakaubatiza jina jipya, mwaka 1961 The Tokens wakaufikisha namba moja, na mwaka 1994 Disney wakautia kwenye Lion King. Linda alikuwa kaburini tangu 1962, kaburi lililokaa miaka mingi bila jiwe. Warithi wake walifungua kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 yakaisha kwa maelewano.

Kutoka 1939 hadi 2006 ni miaka 67. Muda wote huo hakuna king'ora kilicholia kwamba mali ya mtu imechukuliwa, kwa sababu karatasi zilikuwa safi. Basi chagua mapema: simama upande wa karatasi, upande wa koo waachie wenye vipaji. (Wasomaji watauliza pia kuhusu Disney na "hakuna matata". Ile ni alama ya biashara, si hakimiliki, na ilihusu fulana. Ni somo la muhula ujao.)

Dai kwanza, sikiliza baadaye

Zamani mdai alilazimika kumtafuta mkosaji, kuonyesha kosa lake na kumburuta kortini. Uchovu mtupu. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kwa herufi zake, DMCA, na mambo yakawa mepesi. Kwa lugha ya kijiweni inasema hivi: mwenye mtandao haguswi kwa kilichopakiwa na wateja wake, mradi akiletewa notisi akiondoe haraka. Sasa vaa viatu vya mwenye mtandao. Akiondoa kazi halali ya kijana fulani, atanuniwa na kijana. Akiiacha, na ikathibitika kwamba ni mali yako na alijua, mahakama za kule zinaweza kumtoza hadi dola 150,000 kwa kazi moja. Ataamua nini? Ndiyo maana nakwambia haki si lazima uwe nayo. Fomu inatosha.

Na hata fomu usiijaze kwa mkono. YouTube wana mtambo uitwao Content ID, uliozinduliwa mwaka 2007, unaolinganisha kila video inayopakiwa na hazina ya sauti na picha walizokabidhiwa na wenye mali. Mtambo hauna masikio wala aibu, na humo ndimo mna baraka. Mwaka 2012 mtu mmoja aliweka video aliyoipiga nje, porini, ndege wakilia nyuma yake, muziki hata chembe. Ikaonekana sauti ile ni mali ya kampuni ya Rumblefish. Alipopinga, kampuni ikapitia upya na kuthibitisha kuwa naam, ni yao. Walikiri kosa baada ya watu wengi kupiga kelele. Mwaka huohuo NASA walitua chombo cha Curiosity kwenye sayari ya Mars, wakaweka video yao wenyewe, na muda si muda ikaondolewa kwa dai la kampuni ya habari ya Scripps, iliyobaki duniani na sisi wengine.

Mwaka 2018 ulikuwa wa neema zaidi. Mpiga piano James Rhodes alicheza Bach nyumbani kwake na kuiweka Facebook. Sekunde 47 zikazimwa sauti, kwa kuwa Sony Music ndio walioonekana kuwa wenyewe. Bach alifariki mwaka 1750. Na mwanamuziki mmoja wa Australia akajikuta na madai matano juu ya video yake ya saa kumi za kelele tupu, ule mvumo wa redio isiyoshika stesheni, ambao aliutengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Matano! Unaona jinsi soko lilivyo kubwa.

Tahadhari moja: umwambie fundi wako asikamate cha nyumbani. Mwaka 2016 wakala wa Warner Bros. aliwaomba Google waziondoe kwenye matokeo ya utafutaji kurasa za tovuti ya Warner Bros.

Akijitokeza mjuaji

Atakuwepo wa kupinga. Usitoke jasho, utaratibu umekuandalia kiti. Dai la mtambo likipingwa, pingamizi linaletwa kwako wewe uliyedai. Una siku 30 za kulitafakari, kisha wewe ndiye unayetamka kama dai lako lilikuwa sahihi. Wazee waliposema kesi ya nyani hakimu ngedere walikuwa wanalalamika. YouTube waliipenda, wakaifanya mfumo wa kazi.

Takwimu zao wenyewe za nusu ya kwanza ya 2021 zinatia moyo. Madai yalikuwa milioni 722 na ushee. Yaliyopingwa hayakufika asilimia 1. Kati ya hayo yaliyopingwa, asilimia 60 aliyepinga alishinda. Maadui zetu huishangilia namba hiyo ya mwisho. Madai mengi huenda yalikuwa ya haki kabisa, tusisingizie. Ila anayeshinda mara sita kwa kumi kila akithubutu kufungua mdomo, kisha karibu hakuna anayethubutu, huyo ni mteja ambaye biashara nyingine yoyote ingemwombea dua.

Ukitaka kumkomesha mtu kabisa, acha mtambo, mpelekee notisi yenyewe ya kisheria. Wenye chaneli huita kupigwa straiki. Straiki tatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa na kila kilichokuwamo. Chukulia kijana wa Mbagala anayefundisha hesabu za kidato cha pili kwa simu yake, kwa bando la kuungaunga. Katikati ya somo, redio ya jirani ikaimba sekunde nane, na sekunde nane hizo ni zako. Akitaka video irudi, lazima aandike jina lake kamili, anwani yake na namba yake ya simu, na vyote hivyo utaletewa wewe. Lazima aape, na akiapa uongo ni kosa la jinai. Lazima akubali kushitakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani, kule mtandao wenyewe ulipo. Halafu angoje siku kumi hadi kumi na nne za kazi, na wewe ukifungua kesi ndani ya muda huo, hairudi. Kutoka Mbagala hadi California, mheshimiwa. Nauli peke yake imeshakushindia kesi.

Wewe utaulizwa kiapo pia, ila chako ni chepesi. Unaapa kwamba umeruhusiwa kusema kwa niaba ya mwenye mali, basi. Kwamba kazi ile imekiuka haki, inatosha useme unaamini hivyo kwa nia njema. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliweka video ya sekunde 29, mwanawe mdogo akicheza jikoni, wimbo wa Prince ukisikika kwa mbali. Universal wakaiondoa. Mama akaenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikatoa neno: kabla ya kutuma notisi, mdai lazima afikirie kama matumizi yale yanaruhusiwa na sheria. Afikirie! Ilikuwa siku ngumu kwa tasnia. Lakini majaji hawakutuacha yatima. Walisema pia kwamba ukiamini kwa moyo mweupe yatosha, hata kama imani yako si ya busara. Kesi iliisha kwa maelewano mwaka 2018, mcheza ngoma wa jikoni akiwa keshakaribia umri wa sekondari.

Kenya uende kwa hadhari. Marekebisho yao ya mwaka 2019 yalileta notisi kama hizi, ila yakaongeza kwamba anayetuma ya uongo kwa makusudi ametenda jinai. Wivu tu.

Bei yako iwe chini ya bei ya wakili

Hii ndiyo siri ya taaluma, na walioijua vizuri zaidi ni Warner/Chappell na "Happy Birthday". Lahani ya wimbo huo ilitoka kwa akina dada wawili wa Kentucky, Mildred na Patty Hill, waliochapisha mwaka 1893 wimbo wa watoto wa kusalimiana asubuhi. Mwaka 1988 Warner waliinunua kampuni iliyokuwa na karatasi zake kwa dola milioni 25, na tangu hapo kila filamu iliyotaka kukata keki ikalipa. Inakadiriwa waliingiza dola milioni 2 kwa mwaka. Migahawa ya Marekani ikaanza kutunga nyimbo zake yenyewe za kupiga makofi, ili wahudumu wasiimbe kitu cha mtu.

Je, wimbo ulikuwa wao? Hapo ndipo penye uzuri: kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona faida ya kuuliza. Mama mtengeneza filamu aliyeuliza hatimaye alikuwa ametozwa dola 1,500. Dola 1,500 ni pesa inayouma lakini inalipika, na wakili wa kuchimba nyaraka za karne iliyopita ni ghali mara nyingi zaidi. Mwenye akili hulipa na kusonga mbele. Yule mama hakuwa na akili, akashitaki mwaka 2013. Mawakili wake wakafukua kitabu cha nyimbo cha mwaka 1922 kilichochapisha maneno yale bila alama yoyote ya hakimiliki. Mwaka 2015 jaji akasema madai ya Warner hayana mashiko, mwaka 2016 wakakubali kulipa dola milioni 14. Toa 14 katika mapato ya miaka 27 uone kama kuna haja ya kulia.

Kuna mfano mdogo wa kanuni hiyohiyo, nao naupenda kuliko wote. Carol Highsmith amezunguka Marekani miongo kadhaa akipiga picha na kuzitoa bure kwa umma kupitia Maktaba ya Bunge. Mwaka 2015 wauza picha walimletea barua ya kumdai dola 120 kwa kuweka kwenye tovuti yake picha fulani bila leseni. Picha aliipiga yeye. Alishitaki akidai dola bilioni moja, lakini madai yake makuu yakakwama, maana aliyekwishatoa mali yake kwa umma hawezi kurudi kuidai kama yake. Kumbe anayegawa bure hana kinga, anayeuza kilichogawiwa bure hana kosa.

Chagua wa kumshika

Wizi wa kazi za sanaa upo, na unauma. Muulize mwanamuziki yeyote wa dansi aliyekuta kanda zake zimedurufiwa na kupangwa juu ya meza barabarani, wakati mfukoni hana nauli. Ila mwenye mashine ya kudurufu ana pesa, na mwenye pesa ana wakili. Tafuta mwepesi. Chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, RIAA, kati ya 2003 na 2008 kiliwaandama watu zaidi ya 30,000 waliokuwa wakigawana nyimbo mtandaoni. Alikuwemo binti wa miaka 12 wa New York, ambaye mama yake alilipa dola 2,000. Alikuwemo bibi wa miaka 83 ambaye, kwa maelezo ya mwanawe, hakutaka hata kompyuta ndani ya nyumba. Na siku anashitakiwa alikuwa amekwishafariki. Mama mmoja wa Minnesota, kwa nyimbo 24, baraza la wazee wa mahakama lilimtoza mwaka 2009 dola 80,000 kila wimbo, yaani milioni 1.92. Baada ya miaka ya rufaa ilishuka hadi 222,000, ambazo nazo hakuwa nazo.

Kuhusu muda usiumize kichwa. Kwetu Tanzania na Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Marekani mwaka 1998 waliongeza ikawa 70, ili marehemu watiwe moyo wa kuendelea kutunga. Kwa nyongeza hiyo Mickey Mouse wa mwaka 1928 alikaa kizuizini hadi tarehe 1 Januari 2024. Na usijifunge kwenye nyimbo. Trekta lina kompyuta, kompyuta ina programu, programu ina hakimiliki: mwaka 2015 John Deere walipinga hadharani mkulima kupewa ruhusa ya kuifungua ili atengeneze trekta lake.

Bajeti ya maua

Mwisho, tenga fungu la kuomba radhi. Mwaka 2009, huko Scotland, mwanamke mmoja aliyefanya kazi dukani alipenda kuimba huku akipanga bidhaa kwenye rafu. Redio ilikuwa imezimwa kwa sababu PRS, shirika la kukusanya mirabaha, lilitaka duka lilipie leseni yake, kwa hiyo mwanamke akajaza ukimya kwa koo lake. PRS wakamjulisha kwamba na yeye ni hadhara, anahitaji leseni au atatozwa faini. Habari ilipofika magazetini shirika lilibadili kauli, likampelekea shada na kadi ya kusema samahani. Nunua maua ya msimu, yana nafuu, na hakikisha kadi ina maneno uliyoyalipia.