Leso ya Mama Mkwe

Siku ya tatu tangu nihamie Kombani, tulikuwa tunakwenda matangani. Mama mkwe alikuwa keshapanda pikipiki, akaniita: "Mwanangu, hebu nitolee leso yangu pale kitandani." Nikaingia mbio. Kitandani hapakuwa na leso. Palikuwa na kanga tu, jozi nzima, imekunjwa vizuri. Nikapekua chini ya mto, nikapekua kabatini, mwishowe nikafungua begi langu nikatoa leso yangu mwenyewe, nyeupe, yenye ua la bluu pembeni, nikamkimbizia.

Aliitazama. Akanitazama mimi. Hakusema neno. Aliikunjua taratibu, akajiwekea utosini, akamwambia kijana wa pikipiki, "Twende."

Kufika jioni, nusu ya Kombani inajua kuwa mke aliyeletwa kutoka Tanzania amempeleka mkwewe msibani na kitambaa cha kufutia kamasi. Kwetu Morogoro leso ndiyo hicho kitambaa, na vazi lenye maneno ni kanga. Huku Kenya, ukishavuka mpaka wa Horohoro, vazi ndilo leso. Kanga, nikaambiwa na mtoto wa darasa la pili, ni ndege.

Na mimi nilikuwa nimekuja na kiburi, lazima niseme. Shangazi zangu walipouliza kama nitaumudu ugeni, niliwacheka. Ugeni gani? Ingekuwa Ujerumani sawa, lakini pwani ya Kenya! Nilivuka Lunga Lunga na pasipoti iliyogongwa muhuri, kiroba cha mchele wa Kyela, na nia njema ya kuwafundisha watu Kiswahili sanifu.

Mchele ule ndio ulioniponza. Mama mkwe, akielekea shamba, aliniachia maagizo: jioni nipike wari na mtsunga. Nikatabasamu kwa ndani: maskini, l na r zinawapa tabu. Nikakuna nazi mbili, nikapika wali ambao harufu yake ilifika barabara kuu. Ule mtsunga, yaani mchunga, nilipouonja ulikuwa mchungu kiasi kwamba niliudhani una sumu, nikawamwagia kuku. Baba mkwe alikula wali wote, akausifu sana, akanawa mikono, kisha akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Wari kwa Kidigo ni ugali. Wa Mombasa wanauita sima. Chakula kimoja, majina matatu, na mimi nikakikosa kwa yote matatu. Ningekuwa mtu wa Mkinga kule Tanga ningelijua hilo, maana mpaka waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwaacha Wadigo pande zote mbili. Mimi ni Mluguru.

Habari za fedha nitazipita haraka kwa sababu bado zinauma. Shilingi moja ya hapa ni karibu ishirini za kwetu. Wiki ya kwanza, samaki wa mia tatu nilimwona wa bure. Nikachukua watatu, na chenji nikamwachia muuzaji kwa huruma. Halafu makanga wa matatu ya Likoni akaniambia niongeze mbao. Nikamjibu sina, mume wangu si seremala. Alikuwa anadai shilingi ishirini.

Lakini kubwa lilitokea katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulikwenda kutafuta barua ya utambulisho. Mume wangu alikuwa ametoka kutoa kopi ya kitambulisho, nikabaki na karani, mtu wa bara, mpole.

"Wewe ni bibi ya huyu?"

Nikacheka. "Hapana, baba. Bibi yake yuko Golini."

"Ako Golini?"

"Ndiyo. Mtu mzima, lakini ana nguvu, bado analima."

"Na anajua umekuja?"

"Anajua! Ndiye aliyenipokea. Alinichinjia kuku."

Karani aliweka kalamu chini. "Watu wa pwani mko na roho safi," akasema, akaandika kitu kirefu.

Mume wangu aliporudi alikuta keshakuwa na wake wawili, na mkubwa ana miaka themanini na ushei. Huku Kenya, wengi wakisema bibi wanamaanisha mke, na mimi nilikuwa namsifia yule aliyemzaa baba mkwe wangu. Kuirekebisha barua ile kulituchukua wiki mbili. Bibi mwenyewe alipohadithiwa alicheka mpaka akashikilia mwimo wa mlango. Tangu siku hiyo ananiita mke mwenza, na kila nikienda Golini ananidai zamu yake.

Nilimlalamikia ami yake mume wangu, mwalimu mstaafu, kwamba Kiswahili sanifu hakisemi hivi. Alivua miwani. Mkutano ulioamua usanifu utokane na Kiunguja, akaniambia, ulifanyika hapo Mombasa mwaka 1928. "Mlikuja kwetu, mkatushinda nyumbani kwetu, mkaondoka. Kimvita cha mshairi Muyaka kikabaki kuitwa lahaja. Sasa wewe leso tu inakushinda?"

Huu ni mwaka wa sita. Mtsunga naula, tena nauomba. Juzi nilikwenda Morogoro, nikaingia dukani nikaulizia leso nzuri ya kumpelekea mama mkwe. Muuzaji akanitolea kitambaa cheupe, chenye ua la bluu pembeni. Nilikinunua. Mama mkwe alipokipokea alikikunjua taratibu, akajiwekea utosini, akazunguka nacho uani mpaka magharibi.

Wewe dada unayekuja kuolewa upande huu, njoo na leso. Zile kubwa.