Tela Lina Mwenyewe

Kigamboni kila mtu anajua mambo ya bahari. Taja neno nanga mbele ya duka lolote, watajitokeza wataalamu wa kukuelekeza, na wengi wao hata kuogelea hawajui. Kwa hiyo Baba Watoto aliponiambia amepata boti mnadani kwa bei ya kutupa, sikuuliza ataiendesha nani. Niliuliza itashukaje. Akanijibu kwamba kilichopakiwa lazima kitapakuliwa, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza mjadala.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 18, bluu iliyopaushwa na jua, na nyuma imebeba mashine ya nguvu za farasi 40. Ilikuja juu ya tela la kuazima, tela likivutwa na pikapu ya kuazima, ikapitishwa Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016, na ushuru wa daraja tukalipa. Chombo kilichoundwa kivuke maji kimevuka maji kwa kulipiwa barabara. Mwanamke mwingine angeichukua hiyo kuwa ishara.

Tela nalo lina mwenyewe, na mwenyewe hana mchezo. Alilitoa Jumamosi jioni kwa sharti kwamba Jumapili kabla ya magharibi liwe limerudi, maana Jumatatu alfajiri linakwenda Bagamoyo kubeba boti ya watu wengine. Dereva wa pikapu hakusubiri hata chai. Alilifungua tela katikati ya ua, akalitilia jiwe kwenye gurudumu moja, akaaga.

Ufukweni kazi hii haina maneno. Unasubiri maji yajae, unarudisha tela nyuma mpaka magurudumu yazame, boti inaelea, unaisukuma kwa kiganja. Bahari ndiyo mpagazi. Uani kwetu maji ni ya madumu.

Jumapili asubuhi walikuwa wamekwisha kusanyika: fundi wa gereji na jeki yake, vijana wa bodaboda wa kijiweni, jirani mmoja ambaye kazi yake sijawahi kuijua ila kila penye kazi yupo, na shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, mwalimu wa historia sekondari. Mimi nikapewa kazi ya chai na mihogo. Watoto niliwafungia ndani na katuni, jambo pekee la usalama lililofanyika asubuhi hiyo.

Vijana wa bodaboda walitangulia. Jeki ya nini, wakasema, na watu wapo? Wakaizunguka boti, wakashika kingo, wakapiga harambee ya kusikika mpaka kivukoni. Boti haikunyanyuka. Ila ndani yake kulisikika kitu kikikimbia kutoka upande mmoja kwenda wa pili, chwaaa, kisha kikarudi. Shemeji akaeleza kwamba faiba ikikaa sana juani hutoa mlio wa namna hiyo.

Ikaja zamu ya jeki. Fundi alikuwa ametuhakikishia kwamba gari na boti ni kitu kimoja, tofauti ni matairi. Akaiweka jeki mchangani, hivihivi, bila hata ubao chini, akaanza kupampu. Alipampu kwa bidii kweli. Jeki ilikuwa inarefuka, boti haiendi popote, na ilichukua muda mtu kugundua kwamba kinachotembea ni jeki, inakwenda chini. Wakaitafutia tofali. Sasa, tofali la saruji hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umelala juu yake lote. Ukilikalishia kitu kwenye pointi moja linapasuka, tena bila kukupa taarifa. Na haya matofali ya siku hizi, ambayo saruji huletwa ionyeshwe mchanga halafu inarudishwa dukani, ndiyo usiseme. Likapasuka. Boti ikarudi juu ya tela kwa kishindo, na mkono wa fundi ulikuwa umetoka pale sekunde hiyohiyo, kwa sababu alikuwa ameufuata muhogo. Tangu siku hiyo siruhusu mtu anicheke nikipika mihogo mingi.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Shemeji yeye akasema tatizo ni mashine, tuitoe kwanza. Wazo lilikuwa zuri, na huwa nasikitika kwamba wazo zuri lilimjia mtu wa namna ile. Badala ya kuchukua ngazi, akapanda ndani ya boti kwa nyuma.

Tela la boti kama hii huwa na magurudumu mawili tu, karibu na katikati, na hupangwa ili mzigo uelemee mbele kidogo. Likiwa limefungwa kwenye gari, unaweza kupanda nyuma ukacheza hata taarabu. Letu lilikuwa limefunguliwa, mkono wake umelala mchangani bila kufungwa na kitu. Nyuma kulikuwa na mashine ya zaidi ya kilo 70. Ukaongezeka uzito wa mwalimu wa historia. Mkono wa tela ukainuka kutoka mchangani, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, ukapita chini ya kamba yangu ya nguo na kuibeba yote: mashuka, vitenge, sare za shule. Boti ikapata tanga kwa mara ya kwanza tangu iundwe. Shemeji hatukumwona, tulisikia chwaaa moja kubwa, na hapo ndipo alipojua kwamba ule haukuwa mlio wa faiba. Boti ilikuwa imelala mnadani bila turubai mvua zote za vuli, na maji yake yote sasa yalikuwa yamekimbilia nyuma kumpokea.

Nikaacha birika jikoni, nikavuka uchochoro kwenda kwa babu.

Huyu babu ni Mpemba, amekula chumvi kwenye majahazi tangu ujanani, na tangu asubuhi alikuwa barazani kwake anatutazama. Hakuna aliyekuwa amemuuliza neno, kwa sababu yeye hasemi, na kwetu asiyesema huhesabiwa hajui.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Washachoka?"

"Bado kidogo."

"Basi waache wachoke kwanza. Nitakuja nikishaswali."

Alikuja baada ya adhuhuri, na kofia yake na kamba mbili za manila begani. Shemeji, aliyekuwa akikamua suruali huku amejifunga kitenge changu, akamlaki kwa mhadhara. Mwaka 1915, akasema, Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Wakaleta boti mbili za futi 40 kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, wakazipandisha treni mpaka Katanga, kisha wakazivuta juu ya matela kuvuka milima ya Mitumba. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wake London wakakataa, ndipo akaziita Mimi na Toutou. Desemba zikashushwa ziwani, na tarehe 26 wakaiteka meli ya Kijerumani, Kingani. Sasa kama futi 40 zilivuka milima, sisi futi 18 zinatushinda kitu gani?

Yote hayo ni kweli, nimekuja kuyasoma mwenyewe. Ila mwalimu aliruka matrekta ya mvuke, makundi ya ng'ombe wa kuvuta, na mamia ya vibarua wa Kiafrika waliokata misitu na kujenga madaraja njia nzima. Aliruka pia kwamba kamanda alipenda kuvaa sketi, jambo ambalo kwa hali aliyokuwa nayo shemeji lingemfaa.

Babu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na hayo matela," akauliza, "yalikuwa ya kuazima?"

"Hapana, babu. Ya kwao."

"Haya."

Kisha akamgeukia Baba Watoto. "Mnataka kuishusha boti?"

"Ndiyo mzee wangu."

"Hamtaishusha. Boti iacheni ilipo. Liondoeni tela."

Watu wazima wote wale walikuwa wameshinda wakipigana na boti, na anayetakiwa kuondoka ni tela. Tena ndilo lenye magurudumu, na ndilo linalosubiriwa kwao.

Kwanza aliinama nyuma ya boti, akatafuta kwa vidole, akafungua kizibo. Chini ya kila boti ya namna hii kuna tundu la kutolea maji, na aliyeiuza, aliyeinunua na walioisukuma wote hawakulifikiria. Maji yakatoka, yakaendelea kutoka, yakaufikia mchicha wangu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ishirini za lita 20 ni kilo 400, uzito wa wanaume watano walioshiba, na vijana wa bodaboda walikuwa wamejaribu kuwanyanyua pamoja na boti yao. Kisha vikashushwa betri, tangi la mafuta, nanga na mashine, safari hii kwa ngazi, na mawe yakiwa yametiwa kwenye magurudumu yote mawili, mbele na nyuma. Shemeji alitaka mashine ilazwe chini ya mwembe. Babu akakataza: mashine ya boti hailazwi hovyo, maji yaliyobaki ndani huweza kurudi mpaka kwenye silinda. Isimame. Ikasimamishwa juu ya vipande vya mbao sebuleni kwangu, kando ya friji, na wageni huiuliza kama ni feni.

Zikaletwa tairi chakavu kutoka gereji, zikapangwa nyuma ya tela. Kamba mbili za manila zikafungwa kwenye pete za nyuma ya boti, moja kila upande, zikakutana kwenye shina la mwembe, ili boti ivutwe sawasawa isije ikageuza kichwa. Ile kamba ya winchi ya mbele hakuifungua. Alimpa kijana mmoja aishike ailegeze kidogokidogo atakapoambiwa, si kabla. Mkono wa tela ukainuliwa na kutiwa magogo, nyuma kukainama kuelekea kwenye tairi. Halafu akatupanga, au niseme akatupangua, maana kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa watu. Kati ya boti na mwembe asikae mtu, kwa kuwa kamba ya manila ikikatika huja na roho ya mtu. Chini ya boti usiingie hata mkono. Na ikianza kuanguka iacheni ianguke, faiba inazibwa.

Mawe yakaondolewa. Wakalivuta tela mbele kwa mikono, kama unyayo mmoja, wakasimama. Babu akatazama. Winchi ikalegezwa. Unyayo mwingine. Boti imeshikwa na mwembe, haina pa kwenda. Tela linateleza chini yake, na nyuma ya boti inakalia tairi bila haraka. Hakuna aliyepiga kelele, na kwa watu wale huo ulikuwa muujiza zaidi ya boti. Ilipobaki sehemu ya mbele tu, babu akapangisha tairi nyingine chini ya kifua cha boti mpaka zikagusa, ndipo tela likavutwa likatoka. Boti ikakaa. Uzito wote ukawa juu ya mkuku, akasema babu, kwa sababu pembeni mwa faiba ni pa kuegemezwa, si pa kubeba. Baharini maji hubeba kila mahali sawa, nchi kavu hakuna anayefanya hivyo. Akatia gadi za mirunda ubavuni, vichwa vyake vikiwa vimeviringishwa vipande vya zulia, akasukuma boti kwa bega. Haikutikisika.

Tela lilirudi kwa mwenyewe kabla ya magharibi. Mwenyewe alilikagua, akakuta kitenge changu kimoja kimenasa kwenye taa, akakirudisha kimekunjwa. Watu wa staha bado wapo.

Sasa kuna jambo ambalo sikulisema. Kabla tela halijaanza kuvutwa, babu alimuuliza Baba Watoto, "Hapa ndipo itakapokaa?" Akajibiwa, "Hapa hapa, mzee." Akauliza tena. Akajibiwa vilevile. Mara ya tatu akanitazama mimi, nami nikasema kutoka mlangoni kwa jikoni kwamba hapo chini kuna mfuniko wa shimo la choo. Nilisema, na mashahidi ninao. Ila wakati uleule pikipiki mbili zilikuwa zinawashwa, na Baba Watoto akanijibu kwa kunionyesha dole gumba.

Boti ya futi 18 imekaa juu ya mfuniko kama imepimwa. Gari la kunyonya majitaka lilikuja, dereva akatazama boti, akatazama mfuniko unaochungulia katikati ya tairi, akauliza tunamsubiri Nabii Nuhu au vipi, akageuza gari. Kuivuta kando juu ya magogo hakuwezekani: huku mwembe, huku ukuta, huku chumba cha mpangaji. Inabidi ipande tela. Tela lipo Bagamoyo, na mwenyewe anasema likitoka huko lina foleni.

Kwa hiyo natangaza. Inauzwa boti ya faiba, futi 18, pamoja na mashine ya nguvu za farasi 40, nanga, na kizibo ambacho sasa sote tunakifahamu. Bei ni maelewano. Baba Watoto ameridhia, ingawa bado hajaambiwa. Anayeitaka aje na tela lake mwenyewe, na aje kabla ya masika. Shimo linajaa.