Desa Safi, Kichwa Kitupu

Hakuna aibu inayochoma kama ya mwanachuo mwenye desa, yaani mkusanyo wa notsi za kusomea, bora kuliko la darasa zima, aliyeingia kwenye chumba cha mtihani akatoka bila kugusa swali la pili. Desa lenyewe lilikuwa la kupigiwa mfano: limechapwa kwa kompyuta, vichwa vya habari vya bluu, fasili zimewekwa kwenye visanduku, na faili limezunguka kwenye makundi ya simu hadi kwa watu wasiosoma hata kozi hiyo. Msimamizi anasema fungueni karatasi. Swali linataka ajadili sababu za mfumuko wa bei. Kichwani inakuja picha ya ukurasa mzima: anaukumbuka ulivyokaa, upande wa kulia, chini ya jedwali, nukta nne, ya tatu imepakwa rangi ya njano. Anakumbuka hata kwamba alikuza herufi kutoka 11 hadi 12 ili ukurasa usibaki na nafasi mbaya chini. Kilichoandikwa kwenye hizo nukta nne ndicho pekee hakipo. Na uchungu unazidi pale jirani yake, mwenye daftari lenye doa la mafuta ya chapati na mwandiko ambao hata yeye mwenyewe huusoma kwa kubahatisha, anaponyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada.

Wengi huimaliza kesi hii kwa hukumu nyepesi: kalamu ni bora, kibodi ni uvivu wa kisasa. Wazee wanaipenda hukumu hiyo kwa sababu inawaangukia vijana. Mimi nadhani tumemkamata mshtakiwa asiyehusika. Kinachomsaidia anayeandika notsi kwa mkono ni udhaifu wa mkono wenyewe. Mkono ni mzito, hauwezi kumfuata mtu anayezungumza, na kwa kuwa hauwezi, kichwa kinalazimika kuingia kazini. Ondoa ulazima huo, kalamu haibaki na cha kujivunia. Urudishe, na hata kibodi itafundisha.

Tuitazame hesabu yenyewe, maana inashangaza. Mhadhiri wa kawaida hutoa maneno zaidi ya 100 kwa dakika, na mwenye haraka ya kuwahi kikao hufika 150. Anayeandika kwa mkono, akijitahidi sana, hupata 20 na ushee. Mchapaji mzoefu anavuka 40 bila jasho. Kwa hiyo mwenye kalamu ameshindwa mbio kabla ya kipenga kulia, na kwa kuwa anajua hivyo, anafanya jambo la ajabu: anasikiliza. Sentensi inaingia, anaishikilia kichwani kwa sekunde chache, na kabla ya nyingine kufika lazima aamue ipi nyama na ipi mfupa. "Kama tulivyosema wiki iliyopita" inatupwa. "Kwa sababu" inakuwa "sbb", "mfano" unakuwa "mf.", na uhusiano wa mambo mawili unakuwa mshale. Ule mshale ni kazi kubwa kuliko unavyoonekana; hauchorwi mpaka mtu awe ameshajua kipi kimesababisha kipi, na akikosea upande ataona mwenyewe atakapourudia. Mwenye kibodi hana shida hizi. Sentensi inapita sikioni, inateremka mabegani, inatokea vidoleni ikiwa nzima, pamoja na kikohozi cha mhadhiri. Ni kama abiria wa kiti cha katikati kwenye daladala anayepokea nauli ya watu wa nyuma na kuipitisha kwa konda: fedha nyingi zimepita mkononi mwake, na hakuna hata shilingi iliyo yake.

Jambo hili lilipimwa na Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, wakatoa matokeo mwaka 2014. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton walioneshwa mihadhara kwenye video, wengine wakaandika kwa kalamu, wengine kwa kompyuta zisizo na intaneti, ili asiwepo wa kusingizia mitandao ya kijamii. Waliochapa walijaza maneno mengi zaidi, na mengi yalikuwa ya mhadhiri neno kwa neno. Kwenye maswali ya kutaja ukweli mmoja mmoja makundi yalilingana. Kwenye maswali ya kuelewa na kuhusisha mambo, wenye kalamu walikuwa mbele. Utamu wa kisa unakuja katika jaribio la pili. Baadhi ya wachapaji waliambiwa wazi wasinukuu neno kwa neno, waandike kwa maneno yao. Wakasikia, wakaelewa, wakaendelea kunukuu neno kwa neno. Mtu akipewa chombo kinachoweza kunasa kila kitu, atanasa kila kitu, hata ukimwomba kwa hisani.

Wapinzani wa kalamu wana ushahidi wao, na si wa kupuuza. Mwaka 2019 Kayla Morehead na wenzake walilirudia jaribio na hawakupata tofauti ya kutegemewa kati ya makundi. Walipoongeza kundi ambalo halikuandika chochote, hata hilo halikuachwa nyuma kwa namna ya kueleweka. (Naomba taarifa hii isiwafikie wanaokaa viti vya nyuma.) Mwaka 2021 timu nyingine ikakuta kwamba wachapaji ni kweli hunukuu zaidi, lakini alama za jaribio la papo hapo zilikaribiana. Kisha mwaka 2024 uchambuzi uliojumlisha tafiti 24 ukarudisha ushindi kwa kalamu. Mtu mvivu atasema wataalamu wamevurugana, kila mtu afanye apendavyo. Lakini ukiangalia kwa makini, lile ambalo pande zote zinalikuta ni moja: kibodi humvuta mtu kunukuu. Kinachobadilika ni kama kunukuu kule kulimgharimu siku hiyo. Hilo linategemea muhadhara ulikuwa mgumu kiasi gani, swali liliuliza nini, na mtu alipewa muda gani wa kupitia alichoandika. Ushahidi haumtawazi mshindi baina ya vyombo viwili. Unaonesha hatari ilipo, na ilipo ni pale mtu anapoandika bila kuamua.

Kuna ushahidi mwingine unaopendwa sana kusambazwa, nao unahitaji kushikwa kwa koleo. Watafiti wa chuo kikuu cha Trondheim, Norwei, waliwavika wanafunzi 36 kofia zenye vihisi 256 vya kupima umeme wa ubongo, wakawaandikisha maneno kwa kalamu ya kidijitali, na pia wakawataka wayachape kwa kibodi. Wakati wa kuandika, maeneo ya ubongo yaliwasiliana kwa wingi kuliko wakati wa kuchapa. Habari ikazunguka dunia mwaka 2024: sayansi imethibitisha, kalamu huwasha ubongo. Kilichosahaulika kwenye vichwa vya habari ni kwamba wachapaji walichapa kwa kidole kimoja, cha shahada, cha mkono wa kulia. Kulikuwa na sababu ya kitaalamu, kwamba mwili ukitikisika sana unachafua vipimo. Hata hivyo mtu anayechapa neno kwa kidole kimoja, huku vingine tisa vikiwa likizo, hafanani na katibu muhtasi wa ofisi yoyote ninayoijua. Tena hakuna aliyepimwa kama alikumbuka chochote baadaye. Utafiti ule unatuambia kitu cha kuvutia kuhusu mkono na ubongo. Kuhusu mtihani wa Jumatatu hautuambii kitu, na anayetetea kalamu kwa kutumia kofia ile anaitetea kwa shahidi ambaye hakuwepo kwenye tukio.

Pingamizi zito kuliko yote halikutoka Marekani wala Norwei, liko kwenye madarasa yetu. Kama kalamu ni mwalimu hivyo, mbona tumeandika kwa mkono tangu darasa la kwanza na bado tunakariri? Jibu liko ubaoni. Mwalimu anaujaza kutoka kona hadi kona, anageuka, anauliza, "Mmemaliza upande huu?" Darasa linaitikia, "Baaado!" Anasubiri, anafuta, anajaza tena. Akiwa na udhuru, daftari lake la notsi, lililoanza kuchakaa enzi za ndugu zao waliomaliza shule, linakabidhiwa kiranja mwenye mwandiko mzuri, na kazi inaendelea bila mwalimu. Tazama kilichotokea hapo: chaki nayo inaendeshwa na mkono, kwa hiyo hakuna mbio, hakuna kubaki nyuma, hakuna la kuamua. Mwanafunzi ananakili hadi koma huku akili yake iko kwenye foleni ya makande. Kalamu imekuwa mashine ya kunukuu kama ile kompyuta ya Princeton, tofauti ni kwamba hii haihitaji umeme. Ndiyo maana nasema chombo hakina hatia wala sifa. Mwanafunzi wa ubaoni na mwanachuo mwenye desa la bluu wanaumwa ugonjwa mmoja.

Na hapa kicheko kinanikauka kidogo. Watu husema kunakili ni tabia mbaya ya wanafunzi, wakati mwanafunzi ananakili kwa sababu vitabu havitoshi. Kitabu kimoja kikigawanwa na dawati zima, notsi za ubaoni ndizo kitabu, na hakuna mwenye akili anayefupisha kitabu pekee alicho nacho. Kisha anakuja mshauri na semina yake, anasema: andikeni kwa maneno yenu wenyewe. Ushauri mzuri kwa mwenye maneno. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia na jiografia zimehamia Kiingereza likizo ileile. Sentensi ya kitabu kuhusu usanisinuru anaielewa nusu. Akiibadilisha anaogopa kuiharibu. Akiifupisha hajui akate wapi, maana huwezi kutenganisha nyama na mfupa wa kitu ambacho hujaona ni mnyama gani. Basi anaibeba nzima, anaimeza nzima, na siku ya mtihani anaitema nzima, ikiwa na makosa yaleyale ya kiranja. Huyu tunamwita kasuku, na waliomfungia kwenye tundu ndio wanaomcheka. Njia ya kumsaidia haigharimu chochote: aruhusiwe, na afundishwe, kujieleza jambo lile pembeni mwa daftari kwa Kiswahili kwanza, kwa mistari miwili, kisha ajibu kwa lugha ya mtihani. Kule kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine kunamlazimisha kuamua, na kuamua ndiko tunakokutafuta. Walimu wengi wazuri hufanya hivyo kimyakimya, kama wanaovunja sheria.

Mapingamizi madogo yaliyobaki nayajibu kwa haraka. Notsi zilizochapwa hutafutwa kirahisi: kweli, na kwenye chumba cha mtihani hakuna pa kubonyeza. Daftari hupotea na kulowa: kweli, lipige picha. Wapo wasioweza kuandika kwa mkono kwa sababu ya ulemavu: hao kibodi ni haki yao, na hoja yangu haiwapunguzii kitu, kwa kuwa wanaweza kufupisha kama mwingine yeyote. Mitihani ya taifa bado huandikwa kwa mkono, na kidole ambacho hakijashika kalamu tangu muhula uanze kitalalamika kabla ya saa ya kwanza kwisha: kweli tupu, na hiyo ni sababu ya kufanya mazoezi ya kidole.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko ugomvi wote wa kalamu na kibodi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma, moja ikiwa juu ya jua na nyingine juu ya fisimaji wa baharini. Kundi moja lilisoma na kurudia kusoma katika vipindi vinne. Jingine lilisoma katika kipindi kimoja, likafunga karatasi, likajaribu mara tatu kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 hivi, na waliojijaribu walikumbuka asilimia 61. Cha kuchekesha, au cha kuliza, ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba hawatasahau. Huo ndio mtego wa desa safi. Kila unapolifungua, ukurasa unaufahamu, macho yanateleza, moyo unatulia, na unadhani kujua sura ya ukurasa ni kujua kilichomo. Daftari baya halina mtego huo, kwa kuwa kila mstari unakulazimisha ujiulize ulimaanisha nini.

Kwa hiyo anayeuliza kama anunue kaunta buku au akope kompyuta, atumie alichonacho, kwa masharti mawili: aandike kidogo kuliko anachosikia, na jioni afunge alichoandika na ajaribu kukitoa kichwani bila kuchungulia. Sharti la tatu si lake, ni la watunga mitihani. Wao wakiendelea kuuliza "taja sababu tano", mwanafunzi mwenye akili timamu ataendelea kumeza sita, moja ya akiba, na atakuwa amesoma vizuri kabisa kile alichoulizwa.