Ombi la Kufuta Umri wa Miaka 15 Hadi 17 Mjini Goma

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa,

Kwanza pokeeni pongezi. Tangu Agosti 1999, mlipopitisha Azimio 1261, la kwanza kuhusu watoto na vita, kalamu zenu hazijakauka. Mnayo orodha ya makosa makubwa sita: kuua na kulemaza, kuwaingiza watoto vitani, ubakaji, utekaji nyara, kushambulia shule na hospitali, na kuzuia misaada. Kwa Azimio 1612 la mwaka 2005 mkaweka na utaratibu wa kuyafuatilia. Kwa hiyo kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, akipigwa risasi anaweza kuingia kwenye ripoti, ilimradi habari zake zithibitishwe. Shida inaanza pale anapokaidi na kubaki mzima.

Chukueni mvulana wa miaka 16 ambaye jua likizama hathubutu kuvuka barabara kwenda dukani, kwa kuwa hajui atakutana na waasi wa M23 au wanamgambo wa Wazalendo wanaopigana nao, na pande zote mbili zinatafuta mabega ya kubebea bunduki. Huyo hajatendewa kosa hata moja kati ya yale sita. Au msichana wa kambi ya Mugunga, kabla kambi za Goma hazijavunjwa mapema 2025, aliyekwenda kuokota kuni katika hifadhi ya Virunga, ambako wenzake walibakwa, akarudi na mzigo wake kichwani. Kwenye daftari lenu siku hiyo ilikuwa shwari. Kwake ilikuwa siku ya kupiga hesabu kuni zitaisha lini. Mnachokihesabu ni matukio, nayo yanastahili kuhesabiwa. Lakini mtu hujiona salama pale anapoweza kuamini kwamba kesho ipo na kupanga mambo yake kwa imani hiyo. Hilo halimo katika orodha, na kisichomo katika orodha hakina bajeti.

Ndipo linapokuja ombi langu. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unahesabu kuwa uhalifu wa kivita kumwandikisha mtoto aliye chini ya miaka 15. Kwa kosa hilo kiongozi wa waasi Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani mwaka 2012 na kufungwa miaka 14. Azimio lenu 2250 la mwaka 2015 nalo linamwalika kijana kwenye meza ya amani, na kijana huyo ni wa miaka 18 hadi 29. Katikati imebaki miaka mitatu isiyo na mwenyewe. Aliyemo humo amekuwa mkubwa mno kwa hema la michezo na kalamu za rangi, na mdogo mno kwa mkutano wa vijana. Wenye bunduki peke yao ndio wanaomwona ana umri unaofaa. Basi ifuteni miaka hiyo. Mtoto wa Goma alale ana 14, aamke ana 18, na mafaili yenu yatanyooka.

Mtanijibu kwamba Itifaki ya mwaka 2000 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inayakataza makundi yenye silaha kumwandikisha yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwamba maazimio yenu yanataja msaada wa kisaikolojia kwa watoto. Ni kweli, yanautaja. Tena Desemba 2022 mlipitisha Azimio 2668 kuhusu afya ya akili ya walinda amani wenyewe, na mlifanya vyema, kwani kuishi karibu na bunduki kunaumiza. Ila mlinda amani ana tarehe ya kurudi kwao. Kijana wa Goma yuko kwao tayari.

Mtasema pia kwamba madaktari wa akili ni ghali, na wenye njaa ni wengi. Nani kawaomba madaktari tu? Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba mtu mmoja kati ya watano katika maeneo ya vita ana tatizo la afya ya akili. Wanne waliobaki hawahitaji kliniki, wanahitaji njia ya shule isiyo na kizuizi cha wenye silaha. Mtafiti Theresa Betancourt na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi vijana wa Sierra Leone waliotoka vitani, wakaona kwamba kukubaliwa na jamii na kubaki shuleni kulihusiana na kupata nafuu. Hayo si matibabu ya kifahari.

Limebaki jibu la mwisho, kwamba kwanza bunduki zinyamaze, mengine yatafuata. Goma ilitekwa na M23 Januari 2025. Februari mkapitisha kwa kauli moja Azimio 2773 la kuitaka M23 iondoke. Mwaka ukaisha ikiwa bado ipo. Aliyekuwa na miaka 15 M23 ilipouteka mji huo mara ya kwanza, mwaka 2012, sasa anakaribia 30, amepita umri wa mtoto na anauaga ule wa kijana, akisubiri hiyo "kwanza". Kama hamwezi kuiharakisha amani, waulizeni basi hawa wa miaka 15 hadi 17 kama wanalala usingizi na kama wanafika shuleni bila hofu, na majibu yao yaandikwe kwenye ripoti pamoja na idadi ya waliokufa. Kama hilo nalo ni zito, ombi langu la kufuta umri wao liko palepale. Angalau hilo halihitaji fedha, na kura ya turufu haitatumika, maana hakuna mkubwa atakayepoteza kitu.

Naomba kuwasilisha.