Kadi Inasema Uwe Mpole

Semina za ujasiriamali zilitukuta Runzewe tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, na tulipohamishiwa Geita mwaka 2012 zikahama nasi. Kila mwezeshaji huja na bahasha ya kadi za igizo dhima: wewe muuza duka, wewe mteja, wewe mdaiwa.

Juzijuzi kwenye kikundi chetu cha vikoba, kadi ya "mteja mpole, mwenye aibu" ilimwangukia wifi yangu. Wifi ni dalali wa mpunga; madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wanaijua sauti yake kabla ya sura. Akainamisha kichwa, akashika ncha ya kanga. Fundi cherehani wetu, muuza duka kwa mujibu wa kadi, akataja kitenge shilingi 18,000. Kimya. Mwezeshaji akatabasamu. Fundi akasema bei haipungui. Midomo ya wifi ikaanza kucheza.

"Kaka yangu, Kahama wanauza 10,000," akanong'ona, kwa aibu kabisa.

Basi tena. Kitenge kikafika 9,000, na wifi akadai chenji ya hela ambayo hakuitoa.

Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, waliliona tatizo hili la mchezaji kupewa mhusika asiyefanana naye. Mhusika hupewa alama za mvuto, na dadu husaidia kuamua kama maneno yake yameingia, hata mchezaji mwenyewe awe bubu wa aibu. Nikashauri tulete dadu ya ludo. Wifi akarusha, ikatoka moja. Akasema meza imeinama. Mwezeshaji, msomi wa watu, akapiga magoti kuikagua meza.

Zamu iliyofuata fundi akapewa kadi ya mdai. Huyu ni mtu anayeshona sare za kwaya nzima halafu anaona haya kuulizia malipo. Aliisoma kadi, akaisoma tena, akasimama. "Naomba hela yangu ya sketi. Tangu Pasaka." Tukapiga makofi, jamaa anajua kuigiza! Mweka hazina wetu hakupiga. Fundi akaendelea, kadi ameishikilia kifuani: gauni la ubarikio, mashati mawili, zipu.

Deni lote lililipwa kabla ya chai ya saa nne. Wawezeshaji, mkirudi, wifi mpeni kazi ya kugawa maandazi. Kadi za ukali wapeni wapole.