Kamati ya Ufundi Iheshimiwe

Wanaoibeza kamati ya ufundi ya timu yetu ya mtaa hawaujui mpira. Tumeingia hatua ya mtoano ya ndondo, na maandalizi yanakwenda vizuri mno. Mazoezi tumeyasimamisha, maana yanachosha wachezaji na kuwapa wapinzani nafasi ya kutuchungulia. Mchango wa kununua mipira umepelekwa panapostahili: nauli ya katibu kwenda Tanga, jogoo mweupe na posho ya mtaalamu. Golikipa hajafua soksi tangu siku tulipotoka suluhu na vinara wa kundi. Mabeki wanakaa mbali naye, na safu ya ulinzi imepata upana ambao kocha ameuhubiri msimu mzima bila mafanikio.

Siku ya mechi hatupiti getini. Tutaruka ukuta, tena kinyumenyume. Msituone washamba: mwaka 2003 Simba na Yanga wenyewe walipigwa faini kwa vituko vya namna hii, na mwaka 2002 kule Bamako, Thomas Nkono, kocha wa makipa wa Kameruni, alikamatwa akituhumiwa kuweka hirizi uwanjani kabla ya nusu fainali. Kameruni ilishinda 3-0. Eti ilikuwa na Samuel Eto'o. Hayo ni maneno ya wasiojua ufundi.

Juzi kijana mmoja aliuliza nani atapiga penalti. Ameondolewa kikosini. Maswali kama hayo huharibu dawa.